Riwaya Iliyomchosha Msomaji wa Mafinga

Mazungumzo yetu ya leo ni ya vitabu, na yametokana na lalamiko.

Dada mmoja wa Mafinga, msomaji mzuri wa riwaya, ameniletea ujumbe mrefu. Aliazima kwa rafiki yake riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Alikuwa ameambiwa kwamba ni riwaya kubwa ya maisha ya zamani, imeandikwa na Mtanzania kuhusu watu wa Ukerewe kabla ya kutawaliwa na wageni. Akaketi nayo kwa hamu. Akangoja vita. Akangoja watemi wagombee kiti. Akangoja wageni wenye bunduki watokeze ziwani. Kurasa zikapita, na watu wanasalimiana, wanalima, wanavua samaki, wanapika pombe ya ndizi, wanakwenda ukweni na kurudi. Alipofika katikati ya kitabu cha kwanza akakifunga. Anasema alitaka historia, akapewa shughuli za nyumbani. Anataka kujua kama kosa ni lake au ni la kitabu.

Kwanza, dada yangu, nakushukuru kwa kusema wazi. Tuna desturi mbaya kuhusu vitabu vilivyokwisha kusifiwa. Mtu akisema kimemchosha, tunamwambia hajui kusoma, au hana subira, au simu imemharibu akili. Mimi siikubali desturi hiyo. Msomaji anatoa usiku wake, anatoa macho yake, wakati mwingine anatoa na fedha yake. Akichoka ana haki ya kusema amechoka, nasi tuna wajibu wa kutafuta uchovu huo umetoka wapi.

Tuanze na kitabu chenyewe. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa kile. Alisoma kwa mapadri, akapita seminari ya Rubya, kisha akarudi kwao. Riwaya yake aliiandika kwanza kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Miaka ikapita, naye akiwa mzee akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kuandikwa, na mzee Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijafika mikononi mwake. Baadaye Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye ni mtu wa Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tunazungumzia kazi ambayo mtu mmoja aliibeba karibu nusu ya maisha yake, na shabaha yake aliijua tangu mwanzo: alitaka wajukuu wa Ukerewe wajue wazee wao walivyosema, walivyokula, walivyooana, walivyougua na walivyozikana.

Kisa chake kinaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, na wakwe wanapochoka kusikia binti yao akitukanwa, wanakuja kumchukua. Mume anabaki na nyumba baridi. Anakwenda kuomba radhi, anatozwa pombe, anaitengeneza, anaipeleka, mke anarudi. Kisha unaanza mzunguko wa waganga na dawa, hadi mtoto anapatikana, na baadaye wa pili. Ukieleza hivyo, mtu atauliza kwa nini kitabu kina zaidi ya kurasa mia sita.

Hapa ndipo lalamiko la dada yetu lilipo, na hapa ndipo ninapotaka tuangalie kwa karibu ile pombe iliyomkasirisha.

Myombekere hawezi kwenda dukani kununua faini yake. Anahitaji ndizi nyingi kuliko zilizomo shambani mwake. Anahitaji watu wa kuzikata, kuzibeba na kuziivisha. Zikiiva zinamenywa, zinakandwa na majani hadi maji yake yatoke, yanachujwa, yanatiwa nafaka iliyokaangwa na kusagwa, yanafunikwa na kuachwa yaumuke. Kila hatua ina siku yake, na kila hatua ina mtu ambaye Myombekere lazima amwombe. Mwanamume aliyeachwa na mke, nyumbani kwake hakuna wa kusaga. Hakuna wa kuteka maji. Lazima aende kwa jirani, aeleze tena aibu yake, apate msaada, na awe na deni la wema. Siku pombe inapofika ukweni, wakwe hawaonji ulevi peke yake. Wanaona kama mkwe wao ana watu, kama ana subira, kama anaweza kusimamia jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo pombe ndiyo baraza, ndiyo hukumu, na ndoa nzima inategemea kama itaumuka vizuri au itaharibika.

Sasa tuseme mwandishi angeandika kwamba Myombekere alitozwa faini ya pombe, akailipa, mke akarudi. Kasi ingekuwepo. Msomaji angefika haraka kwenye mtoto. Lakini asingejua kwamba katika nchi ile, kabla ya mahakama na kabla ya polisi, kosa la mume lilipimwa kwa jasho lake mbele ya kijiji kizima. Taratibu ile ndiyo inayotuonyesha serikali ya watu wasiokuwa na ofisi. Mimi naiita hiyo historia, tena historia ambayo hati za magavana hazikuiandika.

Kuna jambo jingine. Kitereza na mkewe walizika watoto wao wakiwa wadogo, wakabaki wao wawili tu. Mtu huyo ndiye aliyekaa akaandika kurasa mamia kuhusu mume na mke wanaomngoja mtoto. Kungoja kwenyewe ndicho kisa. Mwezi unaingia na kutoka, dawa inabadilishwa, majirani wanauliza, na mume na mke wanaendelea kulima kwa sababu tumbo linataka chakula hata moyo ukiwa na majonzi. Mwandishi aliyejua kungoja namna hiyo asingekifupisha kwa aya mbili.

Lakini sitaki kumtetea Kitereza kwa kila ukurasa. Dada yetu ana hoja, na hoja yake ina uzito mahali pengi. Kuna kurasa ambamo salamu zinarudiwa kwa kila mgeni, na tukishazielewa mara ya kwanza, mara ya tano hazituongezei kitu. Kuna mahali mwandishi anamwacha Myombekere pembeni na kuanza kutufundisha desturi, nasi tunasikia sauti ya mwalimu badala ya sauti ya watu. Riwaya inapokwenda taratibu ili tumwone mtu akihangaika, tunakwenda nayo. Inapokwenda taratibu kwa sababu mwandishi anaogopa kuacha kitu nje, tunaanza kupiga miayo, na lawama haimwangukii msomaji.

Tunao waandishi wa Afrika waliobeba desturi nyingi kwa mwendo mwingine. Chinua Achebe alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1958, na Clement Ndulute akaifasiri kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Humo mna kilimo cha viazi vikuu, mna posa, mna mazishi, mna baraza la wazee, na bado kitabu ni chembamba. Siri yake ni kwamba kila desturi inamgonga Okonkwo mwenyewe. Wiki ya amani haielezwi ili tujue kuna wiki ya amani. Inaelezwa kwa sababu yeye anaivunja. Adam Shafi naye, katika Kuli ya mwaka 1979, anatuchukua hadi mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, na tunaijua bandari kwa kuwa Rashidi, mhusika wake mkuu, anabeba mizigo yake. Kwa hiyo, dada yangu, ukisema riwaya ya kale inaweza kwenda kwa kasi na bado ikafundisha, nakubaliana nawe kabisa.

Ninapoachana nawe ni pale unaposema hukupewa historia. Hapo naomba tuulizane: sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tulijifunza wapi kwamba historia ni vita?

Jibu naliona Iringa. Tumekulia ndani ya habari za Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Mtoto wa shule anaweza kukutajia Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski na kumwua Zelewski mwenyewe. Atakutajia Oktoba 1894, mizinga ya Wajerumani ilipoibomoa ngome ya Kalenga. Atakutajia tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alipojipiga risasi ili asishikwe. Akiendelea atakwambia kuhusu fuvu lake, kwamba lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kwamba Gavana Twining wa Tanganyika alilirudisha mwaka 1954. Leo liko pale kwenye makumbusho ya Kalenga, na wanafunzi wanapelekwa kuliona ndani ya kioo. Ni habari za kweli na ni fahari yetu. Zinasimulika kwa dakika kumi, na kila sentensi ina mlio wa bunduki.

Lakini zihesabu tarehe hizo vizuri. Pambano la Lugalo lilikwisha siku ileile. Kalenga ilianguka kwa siku chache. Kati ya Kalenga kuanguka na Mkwawa kufa kuna karibu miaka minne. Miaka minne mtu mmoja anatafutwa na jeshi lenye bunduki na fedha za kuwapa watakaomsaliti, na watu wanaendelea kumficha. Nani alimpelekea chakula? Chakula hicho kilitoka shamba gani, wakati Wajerumani wanachoma vijiji na kuzuia mavuno ili ajitokeze kwa njaa? Mwanamke aliyetoka alfajiri na kikapu kichwani aliwaambia nini majirani? Alipika moto mdogo kiasi gani ili moshi usionekane? Kulikuwa na nyumba zilizogombana, mmoja akitaka kumficha mtemi na mwingine akitaka watoto wapone? Hapo ndipo taifa la Wahehe lilipoishi miaka yote ile, na kwenye masimulizi yetu kipindi hicho tunakipita kwa neno moja: msituni.

Tena kabla ya vita vyote hivyo, kulikuwa na ukuta wa mawe kuizunguka Kalenga. Ukuta huo haukuota. Kuna watu waliochimba mawe, walioyabeba, waliolala njaa au walioshiba, na kuna aliyewasimamia na kuwagawia chakula. Kuna watani waliotaniana kazini na wapo walioumia. Tunajua jina la kamanda aliyeipiga ngome ile, Gavana Friedrich von Schele. Hatumjui hata mmoja aliyeyapanga mawe yake.

Mugyabuso Mulokozi alimpandisha Mkwawa jukwaani katika tamthilia yake Mukwava wa Uhehe, iliyotoka mwaka 1979, nayo imefanya kazi nzuri ya kutuonyesha kiongozi na maamuzi yake. Tamthilia inapenda saa ya maamuzi. Riwaya ina nafasi ya kitu kingine: asubuhi ya kawaida, kabla hakuna anayejua kwamba kesho kutakuwa na vita. Msomaji akiipata asubuhi hiyo, vita vikija atajua ni kitu gani kinachochomwa moto.

Ndiyo maana namrudia Kitereza. Chukua jambo moja tu la kwetu, ulanzi, pombe ya mianzi. Kila mtu wa Iringa na Njombe anaujua. Masika yakiingia, mgema anakwenda kwenye mianzi michanga, anaukata mche kwenye ncha, anauponda kidogo, na kutegesha mbeta, chombo cha mwanzi, chini ya mkato ili utomvu udondoke. Anarudi asubuhi na jioni kuukata upya, kipande chembamba kila mara, kwa sababu akikata kikubwa mche utakwisha mapema na akiuacha bila kukata utaziba. Ulanzi wa leo ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkali. Kwa hiyo mtu anayetaka kuupeleka ukweni, au kwenye kazi ya ushirika shambani, au kwenye msiba, anapaswa kuhesabu siku. Ndani ya hesabu hiyo kuna urafiki, kuna wivu wa mgema na mgema, kuna wizi wa usiku, kuna kijana anayeiba mbeta ya mzee na kujulikana kwa kucheka kwake. Mwandishi mwenye jicho akikaa na mgema mmoja msimu mmoja atatoka na sura nzima. Msomaji wa Mafinga anayechoshwa na pombe ya ndizi ya Ukerewe nadhani asingechoshwa na sura hiyo, kwa sababu angewaona babu na bibi zake wakipita ndani yake. Kumbe Mkerewe naye ndivyo anavyomsoma Kitereza.

Nawe msikilizaji wa Mbeya usidhani nimekusahau. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Rungwe miaka ya 1930 wakiwachunguza Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kuhusu vijiji vya marika: jinsi vijana wa umri mmoja walivyotoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakakua humo, wakaoa, wakazeeka pamoja. Fikiria riwaya inayokiandama kijiji kimoja cha namna hiyo, tangu vibanda vya watoto hadi uzee. Usangu nako kuna Utengule ya akina Merere, watemi wa Wasangu, majirani na mahasimu wa Wahehe, ambao waliposhirikiana na Wajerumani walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazitaeleweka kwa mtu anayetaka shujaa mmoja na msaliti mmoja. Kuna Chunya, dhahabu ya Lupa iliyowavuta watu miaka ya 1920 hadi mji wa Mbeya ukachipuka. Kila moja ya habari hizo ina vumbi la kutosha kwa mwandishi wa mambo ya haraka. Uhondo wake halisi, hata hivyo, uko kwa mtu aliyekaa mtoni akichekecha mchanga kutwa nzima bila kupata kitu, na kesho yake akarudi.

Wapo waandishi wakubwa wa leo wanaochagua mwendo huo kwa makusudi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ana riwaya iliyotoka mwaka 1994 na ambayo Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ni habari ya Yusuf, mtoto anayewekwa rehani kwa deni la baba yake na kusafiri na msafara wa biashara hadi bara. Wajerumani wamo, lakini kwa sehemu kubwa wako pembeni, kama uvumi, kama kitu kinachosemwa njiani. Msomaji anayewangoja anaweza kudhani hakuna kinachotokea. Wanapofika na askari wao mwishoni, anagundua kwamba kitabu kizima kilikuwa kinamwonyesha dunia ambayo ilikuwa karibu kufungwa. Pasingekuwa na zile kurasa za bustani, za duka na za mazungumzo ya barazani, kufika kwao kusingekuwa na uchungu.

Sasa nikujibu swali lako, dada yangu wa Mafinga. Kama umekiacha kitabu kwa sababu salamu zimekuwa nyingi, kosa si lako. Ruka ukurasa, msomaji ana ruhusa hiyo na kitabu hakitalia. Kama umekiacha kwa sababu hakuna vita, nakuomba ukirudie kwa swali jingine. Usiulize nini kitatokea. Uliza, katika kila shughuli, nani anamhitaji nani, na akikataliwa atafanya nini. Soma ile safari ya ukweni ukilitafuta hilo. Tena isome kwa sauti, jioni, ukiwa na wenzako, sura moja kwa siku, maana Kitereza aliandika akiwa na sikio la masimulizi ya kando ya moto, na kurasa ambazo kwa macho zinachosha, kwa sikio zinapata mdundo wake. Kama baada ya hapo bado hukipendi, kirudishe kwa mwenyewe kwa moyo mweupe. Hakuna kitabu kinachomfaa kila mtu.

Kwa waandishi wa Iringa, Njombe na Mbeya nina ombi zito zaidi. Mzee aliyesikia habari za miaka ile minne kutoka kwa bibi yake bado unaweza kumkuta, pale Mlolo, pale Pawaga, pale Ilula, lakini hatakungoja. Nenda ukamkalishe. Usimwulize tarehe, tarehe tunazo. Mwulize walikula nini, walilala wapi, nani aliwasha moto, nani alikataa kufungua mlango. Andika yote, kisha uwe na ukali ambao Kitereza wakati mwingine alikosa: kata kila desturi isiyomgusa mtu, na uache ile inayomtia mtu katika uamuzi. Ukifanya hivyo, msomaji atakwenda nawe hata kwa mwendo wa miguu, kwa sababu atakuwa anamfuata mtu na siyo somo. Nasi tutakuwa na kitabu cha kumpa mtoto anayetoka Kalenga ameliona fuvu na anataka kujua yule mtu, na watu wake, waliishije.